Siku Baba Alipokuja Shuleni Kuulizia Namba ya Kufikirika

Enzi zetu, nyinyi mliosoma Songea wakati simu bado ilikuwa kitu cha kupigia tu, mtakumbuka kwamba hesabu zilikuwa na ukweli mmoja tuliouamini kuliko yote: namba hasi haina kipeuo cha pili. Mwalimu wa kidato cha pili alituandikia hivyo ubaoni kwa chaki nyekundu, nasi tukanakili. Ukikokotoa mlinganyo ukakuta ndani ya kipeuo pana hasi, unaandika "hauna jibu", unapiga mstari kwa rula, unahamia swali linalofuata. Sheria ile tuliipenda sana. Mimi niliipenda kupita kiasi, hata katika mtihani mmoja wa muhula niliandika "hauna jibu" kwenye maswali manne, na mojawapo lilikuwa linauliza umri wa mjomba wa Juma.

Kwa hiyo nilifika kidato cha tano nikiwa na imani kamili. Ilikuwa Julai, na mnaijua baridi ya Julai ikishuka kutoka milima ya Matogoro. Tulikuwa tunaandika huku mkono mmoja uko kwapani, tunabadilishana. Jirani yangu wa dawati, Zuhura, alitoka Nalasi, kwenye joto na mikorosho, na chini ya sweta la shule alikuwa anafunga kanga mbili. Ukimgusa bega ulikuwa kama umegusa godoro.

Mwalimu wetu mpya wa hesabu alikuwa Mwalimu Rwechungura, kijana mrefu aliyepangiwa kuja kwetu kutoka Bukoba. Asubuhi moja aliandika ubaoni: x mraba jumlisha moja ni sawa na sifuri. Akauliza nani anaweza. Nikasimama kwa madaha.

"Mwalimu, hauna jibu."

"Una majibu mawili," akasema.

Zuhura akainua mkono kutoka ndani ya kanga zake. "Mwalimu, ina maana yule wa kidato cha pili alitudanganya?"

"Hakuwadanganya. Aliwaficha kidogo, kama wazazi wanavyowaficha watoto mambo ya wakubwa."

Akatueleza kwamba kipo kipeuo cha hasi moja, kinaandikwa kwa herufi i, na kinaitwa namba ya kufikirika. Tukanakili, lakini kwa uchungu.

Sasa, nyumbani kwetu Lizaboni hukuweza kurudi na jambo kama hilo ukanyamaza. Baba yangu alikuwa fundi seremala, lakini kabla ya hapo alifundisha kwata kwa mgambo miaka mingi, na mtaa mzima ulimwita Afande. Sisi watoto tuliitwa kula kama tunaitwa gwaride. Kila jioni aliuliza, "Leo mmefundishwa nini?" na ulijibu umesimama wima. Nikamweleza. Akaweka randa chini.

"Ya kufikirika maana yake haipo?"

"Ndiyo, baba. Ila kwa huo mlinganyo ndiyo inayotupa majibu mawili."

"Kitu kisichokuwepo kinatoa majibu mawili."

"Ndiyo, baba."

Akapuliza maranda kwenye ubao, akafikiri. "Kesho tunaongozana. Mwalimu wako akishindwa kunionyesha hiyo namba, unahamia kwenye historia. Huko angalau mtafundishwa vitu vilivyokuwepo."

Usiku ule sikula vizuri, na kulikuwa na samaki, tena mbasa. Nilitaka kuwa mhandisi wa barabara. Zuhura akienda likizo Nalasi wakati wa masika, alikuwa anarudi amechelewa wiki nzima, tope limemfika magotini, na mimi nilikuwa nimeshamwahidi kwamba barabara ile nitaitengeneza mwenyewe. Sijui ungeitengenezaje kwa historia.

Asubuhi Baba alivaa shati la kaki lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, mfukoni ameweka futi kamba yake ya kazini. Nilimfuata nyuma kwa hatua kumi ili watu wafikiri hatujuani. Mwalimu Rwechungura alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kuonyeshwa namba."

Mwalimu alijitahidi. Aliandika kanuni ubao mzima, nusu kwa Kiingereza. Baba akasikiliza kwa heshima mpaka mwisho. "Kiingereza chako kizuri, mwalimu," akasema. Akaitoa futi kamba, akaivuta juu ya meza. "Moja hii hapa. Mbili hii. Hasi moja naikubali, ni kurudi nyuma. Hiyo yako iko wapi?"

Mwalimu aliinama, akaifuata futi ile kwa kidole mpaka mwisho. Na baridi yote ile, niliona jasho kwenye paji la uso wake.

"Hapo haipo, mzee."

"Nilijua," Baba akasema, akanigeukia. Nikaiona historia hiyo inakuja.

Mwalimu akauliza taratibu, "Mzee, nasikia ulikuwa unafundisha kwata?"

"Miaka mingi."

"Askari anatazama Matogoro. Unataka aipe Matogoro mgongo. Unamwambiaje?"

"Nyuma geuka."

"Basi kuzidisha kwa hasi moja ni hiyo nyuma geuka. Sasa nitafutie amri moja, ambayo ukiitoa mara mbili, askari atajikuta amegeuka nyuma."

Midomo ya Baba ilikuwa inacheza, anajaribu amri kimoyomoyo. Kisha akasema, "Skolastika, mbele."

Nikaenda mbele ya darasa.

"Kushoto, geuka." Nikageuka, nikatazama dirisha. "Kushoto, geuka." Nikageuka tena, na sasa nilikuwa nautazama ubao, wenzangu wamebaki mgongoni.

"Ni kushoto geuka," Baba akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Ndiyo yenyewe, mzee. Kwenye futi huioni kwa sababu imekaa ubavuni mwake."

"Subiri." Akanirudisha nilikoanzia, akanizungusha kulia mara mbili. Nikafika palepale pa kuangalia nyuma. "Na kulia geuka inafika."

"Ndiyo maana majibu ni mawili."

Dakika tano baadaye darasa zima lilikuwa uwanjani, tumepangwa mistari mitatu. Baba alitoa amri, mwalimu akawa anatafsiri kwa hesabu. Kushoto geuka mara tatu ni sawa na kulia geuka mara moja. Mara nne umerudi ulikoanzia. Zuhura aligeuka upande wake mwenyewe, akagongana na mvulana wa mstari wa pili, na kwa zile kanga hakuumia. Mkuu wa shule alitoka ofisini mbio akidhani tumevamiwa.

Baba aliondoka ameridhika. "Namba ipo," aliniambia getini. "Jina lake tu ndilo baya." Kwa wiki nzima kila mteja aliyekuja kuulizia kitanda alisimamishwa kwanza na kugeuzwa kushoto mara mbili.

Nikabaki kwenye hesabu. Barabara ninajenga mpaka leo, ingawa ile ya Nalasi walipewa wengine, na Zuhura hajaacha kunikumbusha.

Binti yangu sasa yuko kidato cha tano hapahapa Songea. Juzi aliupiga picha mlinganyo kwa simu, majibu yakaja na hatua zake zote kabla hajakaa vizuri. Nikamuuliza kama ameelewa. "Mama, ni sahihi," akanijibu. Nikaandika kwenye kundi la wazazi kwamba ningependa kwenda kumwona mwalimu wa hesabu. Wakanijibu kwa vidole gumba vitatu, na mmoja akauliza kama ni habari ya sare.

Nikaenda. Mwalimu, kijana mpole, alishtuka kuniona. "Kuna tatizo, mama?"

"Hakuna. Nimekuja kuuliza swali la hesabu."

Alinitazama kwa huruma, akachukua namba yangu ya simu, akasema atanitumia linki. Na kweli akanitumia kabla sijafika getini. Ilikuwa video nzuri, fupi, yenye rangi. Niliitazama yote nikiwa nimesimama juani, nikaelewa kila kitu, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.