Rasangika na Kibali cha Saa ya Rahu

Niseme mapema nisije nikaonekana mwema: Rasangika nilimwonea wivu miaka kumi na mmoja, na haukuwa wivu wa kupita. Nililala nao na kuamka nao. Anayetaka habari za maisha yake kutoka kwa mtu anayempenda, aende kwa mama yake. Mimi ninazijua zaidi, kwa sababu nilikuwa nikimchunguza.

Baba yake alikuwa mtunza bustani wa halmashauri ya mji wetu wa Galpotta, kwa hiyo mtoto alikulia mle bustanini, kati ya bwawa na daraja la jiwe. Mzee yule alikuwa mkali wa mipaka. Alifagia mpaka kwenye lango la chuma, na hatua moja zaidi hakuenda. "Nje ya lango ni barabara," alikuwa akisema, "na barabara si ya halmashauri. Waje wenyewe wafagie." Wenyewe hawakuja, majani yakarundikana pale, na binti yake akawa anacheza juu yake.

Alipofika miaka kumi na tisa alikuja kwangu, Studio Wijesena, mtaa wa stesheni, kuomba kazi. Nikamweka kwenye kufuta madoa: chunusi za maharusi, mikunjo ya mashati, nzi aliyetua kwenye paji la uso la mkwe. Alikaa miaka sita. Alikuwa kimya, mkono mwepesi, ila chai yake ilijaa sukari kupita kiasi. Siku moja, katikati ya kazi, aliinua kichwa.

"Mwalimu, kwa nini kila mtu unamwambia asicheke?"

"Kwa sababu picha inakaa ukutani miaka hamsini. Nani anataka kuchekwa miaka hamsini?"

"Mimi ningependa," akasema, akarudi kwenye chunusi zake.

Siku ile ndipo nilipoanza kumwogopa. Mwaka uliofuata aliniaga kwa heshima zote, akapiga magoti, akanigusa miguu, kisha akaenda kufungua chumba chake juu ya duka la mikate, mita mia mbili kutoka mlangoni kwangu. Maharusi wakaanza kupanda zile ngazi. Nikawa naenda kununua mikate ili nione nani anapanda na nani anashuka anacheka.

"Huu mkate wa nne leo," mke wangu Leelawathi aliniambia. "Mwanamume, kama umemuoa mwokaji niambie nihame."

Nilivumilia mengi. Nilivumilia picha zake kwenye kalenda ya benki. Nilivumilia mwalimu mkuu kumwita yeye kwenye siku ya michezo. Kilichonishinda ni harusi ya Hansamali.

Hansamali ni binti wa mdogo wangu Jayasena. Nilimpiga picha siku aliyofundishwa herufi ya kwanza, ameshika kalamu kama kijiko. Nilimpiga siku ya sherehe ya kuvunja ungo, na siku alipopata kazi posta. Hakuna jambo katika nyumba ile ambalo kamera yangu haikulishuhudia. Halafu, nikiwa kwenye foleni ya mikate, nikasikia kwa mwokaji kwamba harusi yake atapiga Rasangika. Nilirudi nyumbani bila mkate. Sikumuuliza Jayasena, sikumuuliza Hansamali, sikumuuliza mtu yeyote. Ningeuliza ningejibiwa, na mimi sikutaka kujibiwa, nilitaka kuumia.

Sasa, hapa kwetu bibi harusi hajawa bibi harusi mpaka apigwe picha juu ya daraja la jiwe, yeye na wazazi wake tu, kabla hajapanda jukwaa la ndoa. Mama yangu alisimama pale, bibi yangu pia. Daraja ni la halmashauri, na halmashauri haitaki kamera ndani ya bustani yake bila kibali. Unaandika barua kwa mwenyekiti, nakala mbili, unataja watu wangapi, kamera ngapi, kama kuna standi, kama kuna ile kamera ya kuruka. Kisha karani anafungua daftari na kukupa zamu. Siku imegawanywa kwa zamu za saa moja na nusu, na zamu moja ni ya mpiga picha mmoja. Ukiichukua usipotokea, mlinzi anampa yeyote aliyepo langoni.

Harusi ilikuwa Jumamosi, na mnajimu alikuwa ametoa saa ya kupanda jukwaani: saa tano na dakika kumi na mbili. Siku daftari la mwezi ule lilipofunguliwa, nilifika dirishani kabla ya karani mwenyewe. Nikaomba zamu za Jumamosi ile. Zote, isipokuwa moja.

Karani wetu, Bwana Karunapala, alishusha miwani mpaka ncha ya pua.

"Bibi harusi yupi huyu wa kutwa nzima?"

"Hakuna bibi harusi. Napiga mandhari."

"Mandhari? Kaka Wijesena, bustani hiyo umeipiga miaka thelathini. Ina kitu kipya?"

"Wewe piga mhuri, maswali muulize mkeo."

Akacheka, akapiga mhuri. Zamu niliyoiacha ni ya saa tatu mpaka saa nne na nusu. Jumamosi hiyo ndiyo saa ya Rahu, ile saa na nusu ya nuksi ambayo kila siku ina yake, na ndani yake hapa kwetu hakuna anayeanza jambo: hafungui duka, haposi, hata jino hang'oi. Katika daftari la Karunapala nafasi hiyo ilikuwa nyeupe Jumamosi zote, tangu aajiriwe.

Nilikaa kwenye benchi la ukumbini nikijifanya nasoma gazeti. Rasangika akaja, na barua zake mbili safi. Karunapala akamgeuzia daftari. Akalisoma taratibu, kidole kikipita juu ya jina langu, jina langu, jina langu. Kisha akageuka akanitazama. Nikapandisha gazeti.

"Niandikie hiyo iliyobaki, kaka," akasema.

"Binti, hiyo ni Rahu!"

"Sheria inakataza?"

"Sheria ya halmashauri haimjui Rahu. Ila mama wa bibi harusi anamjua vizuri sana."

"Niandikie tu."

Mhuri ukalia. Nami nyuma ya gazeti nilikuwa nachekelea peke yangu. Shemeji yangu, mke wa Jayasena, ni mtu wa kutazama kalenda ya nyota kabla ya kunyoa watoto. Atamfukuza yule mpiga picha siku hiyo hiyo, nikawaza, halafu watakuja kwangu na fungu la majani ya tambuu, kwa mikono miwili, kuniomba mimi mwenye zamu nzuri. Nami ningekataa kidogo, kisha ningekubali.

Walikuja kweli na tambuu, ila ilikuwa ya kunialika harusini. Wakanywa chai, wakasifu keki ya Leelawathi, wakaondoka. Kuhusu picha hawakutamka neno. Kila jioni nilikaa barazani nikingoja warudi.

"Wakitaka kitu watasema," Leelawathi aliniambia. "Na wewe ukitaka kitu, una mdomo."

"Sitaki kitu."

"Basi ingia ndani, mbu wanakumaliza."

Jumamosi saa moja na nusu nilikuwa bustanini, kibali mfukoni. Ilibidi niwepo, nisipoteze zamu. Nikakaa kwenye benchi linalotazama lango, nimevaa suti ya harusi, kamera mapajani. Ukungu ulikuwa juu ya bwawa na sikupiga hata picha moja. Ilipotimia saa tatu kasoro dakika nane, gari jeupe likasimama nje ya lango.

Akashuka Hansamali, amevaa sari nyeupe na mapambo yote ya kichwani, nyuma yake Jayasena na shemeji, kisha Rasangika. Wamekuja kunibembeleza, nikasema. Nikakaa wima, nikakaza uso.

Mlinzi aliweka mkono kwenye komeo. "Bado zamu ya Bwana Wijesena."

"Tunajua, baba," Rasangika akamjibu. "Hatuingii."

Akamsimamisha Hansamali pale pale nje, juu ya majani makavu, mgongo kwenye lango. Barabara si ya halmashauri, haihitaji kibali wala mhuri. Hansamali akageuka, akachungulia ndani kupitia nondo, akamwambia kitu. Rasangika akasogea hatua moja kushoto. Akapiga picha moja tu.

"Haya," nikamsikia shemeji, anapumua. "Tumeanza."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilitamani benchi linimeze. Jambo lililoanzwa kabla ya Rahu haliwi la Rahu, linakuwa linaendelea tu. Mama yangu alikuwa akitoa begi nje ya mlango alfajiri ili safari ihesabiwe imeshaanza. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara ngapi! Kila mtoto wa Galpotta anajua. Wivu ulikuwa umenitoa hata akili za nyumbani kwetu.

Saa tatu kamili mlinzi alifungua. Wao wakaingia kwa lango kuu, mimi nikatokea mlango wa nyuma, kwa wauza mbolea. Harusini nilikwenda, maana kaka mkubwa wa baba hawezi kukosa, lakini kila mara kamera ya Rasangika ilipogeuka upande wangu, nilijibanza nyuma ya nguzo au nyuma ya shangazi mnene. Sikutaka kumpa hata ukucha wangu.

Wiki tano baadaye Jayasena alituita kuona albamu. Rasangika alikuwepo, ameileta mwenyewe. Ukutani sebuleni walikuwa wametundika picha moja kubwa: Hansamali mbele ya lango, anacheka wazi kabisa, na nyuma yake, kati ya nondo mbili, mimi kwenye benchi langu.

"Baba mkubwa alifika kabla ya wote," Hansamali akawaambia wageni. "Mnaona? Na suti!"

Nikauvuta mkono wa Rasangika mpaka dirishani.

"Ungeweza kunificha nyuma ya nondo. Hatua moja tu."

"Ndiko ulikokuwa, mwalimu. Hansamali ndiye aliyeniambia nisogee uonekane."

"Kwa nini?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta doa. "Hukumuuliza kwa nini alinichukua mimi?"

Hansamali alikuwa ameshatufikia na sahani ya wali wa maziwa. "Baba mkubwa, nimefunua albamu zetu zote," akasema. "Tangu nizaliwe. Wewe humo hata mara moja. Kila picha umepiga wewe. Nikamwambia mama, safari hii apige mtu mwingine, ili baba mkubwa awemo." Akacheka. "Na siku ya harusi nikakutafuta kila picha, nikakukosa! Bahati ulikuja bustanini."

Nikaondoka dirishani nikasimama mbele ya ukuta. Miaka thelathini nimekuwa nikiwaambia watu waweke uso vipi, kwa hiyo uso ule niliusoma mara moja. Wageni waliona mzee aliyewahi. Mimi niliona husuda imekaa kwenye benchi imevaa suti, imefungiwa nyuma ya chuma, na ndiyo sura yangu pekee itakayobaki katika nyumba ile. Rasangika naye aliiona, tangu siku ile kwenye lenzi. Angeweza kuifuta, kufuta nilimfundisha mimi, lakini aliiacha ilivyo.

Nilitamani kumshukuru. Badala yake niliendelea kuitazama picha: mwanga ulivyoshuka begani kwa Hansamali, ukungu ulivyobaki nyuma, kile kicheko. Ilikuwa imepigwa vizuri kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga, na hata pale, machozi yakiwa yameshaanza kunilengalenga, roho iliniuma.