Ngozi Kwenye Datsun ya Swaleh

Ndugu yangu Barnabas ni fundi wa viti vya magari hapa Garsen, na kama umewahi kupanda basi la Lamu ukasikia kiti kimekushika mgongo vizuri, basi ujue mkono wake umekufikia. Mimi ni dada yake mkubwa, Hulda. Nimemzidi miaka kumi na mmoja. Nilimbeba mgongoni, na nilipomaliza darasa la saba ni mimi niliyemfundisha kuandika jina lake, kwa mkaa, kwenye ubavu wa mtumbwi wa baba. Tangu siku hizo nikisema jambo, yeye hufanya. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililotufikisha hapa.

Kazi aliipatia Bura, kwenye mradi wa kunyunyizia mashamba, miaka ile ambayo matrekta yalikuwa mengi kuliko madereva. Walimweka karakana ashone viti vilivyochanika. Mradi ulipolegea alirudi nyumbani juu ya lori la pamba, amekumbatia cherehani nzito ya kushonea ngozi, akafungua kibanda kando ya barabara. Si mtu wa maneno mengi. Kiti hukipima kwa shubiri, kisha hukikalia, hufumba macho, na akifumbua anajua sponji iongezwe wapi.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na kibanda chake, yuko Wako, fundi wa magurudumu. Wako ni Mworma, watu wa ng'ombe. Sisi ni Wapokomo, watu wa mto na mashamba. Mwaka ule mbaya, tulipochinjana kwa ajili ya maji na malisho, kibanda cha Barnabas kiliteketea mpaka misumari. Cherehani haikuteketea. Wako aliitoa kwa mkokoteni, akaificha nyumbani kwake chini ya mikeka miezi mitano, huku ndugu zake wakimtukana. Barnabas hajalisahau jambo hilo hata siku moja.

Mimi nakumbuka kingine cha mwaka ule. Akina mama wa Kiorma hutuletea maziwa asubuhi, na kila nyumba ya huku ina jagi lake kwa mama wake wa maziwa. Leo unampa tupu, kesho analileta limejaa, na kwa namna hiyo jagi halikai pahali pamoja. Basi kabla ya moto, kabla hata ya kelele, majagi yalirudishwa matupu. Yote, ndani ya wiki moja tu. Yameoshwa vizuri, yanang'aa. Nilipokea langu mlangoni nikasema asante, sikuelewa kitu.

Sasa nije kwenye gari.

Swaleh wa Kipini aliachiwa na marehemu babake Datsun ya milango miwili, ya mwaka wa sabini na mbili, boneti ndefu, mgongo umeteremka kama wa paka anayenyemelea. Ilikaa bandani miaka mingi mpaka kuku wakaifanya nyumba yao. Swaleh aliitengeneza injini, akaipaka rangi ya chungwa, kisha akaileta Garsen ikiburutwa na pikapu. Alitaka kuipeleka Malindi, wenye magari ya zamani wanakokutana kuonyeshana.

"Mzee Barnabas," alisema, "reksini, hii ngozi ya kiwandani, siitaki. Reksini kila mtu anayo. Nataka mtu akifungua mlango ajue gari hii yatoka kwetu. Nitilie ngozi ya ng'ombe, na manyoya yake."

"Na magurudumu?"

"Hayo nimemletea Wako. Rimu za aloi, mpya, na matairi mapana."

Barnabas alikuwa na ngozi. Aliinunua mnadani mwishoni mwa ukame, siku zile ng'ombe walipokuwa wakianguka njiani na ngozi zimezagaa kama magunia. Muuzaji alikuwa mtu wa pikipiki, alisema ng'ombe alikufa kwa kiu. Barnabas hakumuuliza jina. Nani aliuliza jina mwaka wa ukame? Ngozi ilikuwa nzuri, nyekundu iliyoiva, na mabegani weupe umepita toka upande huu hadi ule, kama mtu aliyejitanda shuka.

Siku aliyoitandaza mezani aikate, nilikuwa nimempelekea wali na samaki. Niliweka sahani, nikaona alama pajani. Mistari miwili imesimama na kiduara katikati, mahali chuma cha moto kilipopita na manyoya hayakuota tena.

"Hii ni alama ya kina Halake," nikamwambia.

"Umejuaje, dada?"

Nimejuaje! Nikiwa msichana tulibadilishana nao mahindi kwa maziwa, na alama za nyumba zao nazijua kama wewe unavyozijua namba za simu. Na Halake mwenyewe kila mtu hapa amemsikia akilia. Ng'ombe kumi na mmoja walimpotea katika ukame, na alisema wazi sokoni kwamba hawakupotea, walichukuliwa.

Barnabas aliweka mkasi chini. "Ngoja nimwite Wako aitazame. Halake ni mjomba wake."

Nikamshika mkono. "Usimwite. Ukimwonyesha Wako umewaonyesha wote. Watauliza umeitoa wapi, utasema nini? Mtu wa pikipiki? Mwaka ule wa moto watu walichomewa nyumba kwa kidogo kuliko hiki."

"Sikuiba, dada."

"Najua hukuiba. Igeuze. Alama iingie ndani, chini ya mshono, imalizike."

Barnabas aliigeuza ngozi. Kisha akachukua chaki akachora upya, paja likaenda nyuma ya sponji, na ule weupe mzuri ukaja mbele, katikati ya kiti cha dereva. Sisi watu wa mashamba tunaujua mpaka wa shamba kwa alama, ukiing'oa alama mpaka haupo. Nilidhani na ng'ombe ni hivyo hivyo.

Wiki mbili walifanya kazi, mmoja ndani ya gari, mwingine chini yake. Barnabas alibandua dari iliyooza, akatia mpya nyeusi. Alifunika dashibodi iliyopasuka kwa jua, akaushonea usukani ngozi nyembamba ya mbuzi, mshono wa msalaba, kila kijishimo sawa na mwenzake. Wako naye alikuwa na taabu zake, maana matairi mapana yalikuwa yakigusa bati kila usukani ukikatwa, ikabidi akunje kingo za bodi kwa ndani, polepole, kwa nyundo ya mpira, rangi isipasuke.

"Ewe mtu wa ndizi," Wako aliita kutoka chini ya gari, "wewe na ngozi ya ng'ombe wapi na wapi? Ng'ombe mwenyewe ukimwona njiani unapanda mti."

"Nyinyi mnawachunga, sisi tunawakalia. Nani mjanja?"

"Kalia. Ila gari hili likipita bomani kwetu, kiti kitalia mooo, kitamtaka ndama wake."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa kwenye benchi la kibanda na sikucheka.

Viti Barnabas alivishonea nyumbani, akavileta vimefunikwa shuka. Siku ya kuvifunga, magurudumu matatu mapya yalikuwa tayari, la nne lilikuwa bado, gari limekaa juu ya jeki. Wako aliingiza kichwa mlangoni aone kazi ya mwenzake. Mkononi alikuwa na spana. Akaona ule weupe.

Akapitisha kidole kwenye ukingo wa ule weupe, palipo na pembe ndogo upande wa kushoto, kama shuka iliyokunjika.

"Huyu nimewahi kumwona," akasema.

Hapo ndipo Barnabas angesema. Mdomo wake ulifunguka, nauona hata sasa. Kisha akageuza macho akaniangalia mimi, na mimi nikatikisa kichwa.

"Ng'ombe wote wanafanana," akasema ndugu yangu.

"Kwenu," akajibu Wako.

Akaweka spana juu ya tairi, akavuka barabara, akaosha mikono, akaondoka. Gurudumu la nne likabaki limelala chini.

Kesho yake, saa nne, Halake alikuja. Mzee mrefu, fimbo mabegani, na wanaume wawili nyuma yake. Wako alikuwa nao, anatazama chini. Mwenye duka la jirani alianza kuingiza ndoo zake ndani moja moja, mchana kweupe.

"Barnabas, hujambo."

"Sijambo, mzee Halake. Karibu."

"Nifungulie mlango wa gari."

Alifungua. Halake hakuinama. Alitazama kutoka alipokuwa amesimama, akataja jina kwa lugha yake, taratibu, kama mtu anavyomwita mtoto aliyelala. Nilimuuliza Wako kwa macho.

"Ndilo jina lake," Wako akasema. "Aliyejitanda. Alizaliwa mikononi mwa mzee, mvua ikinyesha. Sote tunamjua."

Kumbe hawakuwa na haja ya alama hata kidogo. Wao ng'ombe humjua kwa rangi yake yote, kwa madoa yake, kama mimi ninavyomjua Barnabas akiwa amenipa mgongo. Tulikuwa tumeficha alama na kuuweka uso barabarani.

"Ilikuwa na alama?" Halake akauliza.

Barnabas alikuwa ameshika shuka iliyofunika viti, anaikunja, anaikunjua. "Sikuona alama, mzee."

Miaka sitini na mitatu, na huo ndio uongo wa kwanza niliomsikia akiusema.

"Wako," Halake akasema, "fungua mshono."

Wako alitafuta kisu. Kilichokuwa karibu ni kile cha Barnabas, cha kukatia uzi, chenye mpini aliouchonga mwenyewe. Akakichukua. Alikata uzi mmoja mmoja, bila kuharibu ngozi, kwa sababu na yeye ni fundi. Mara moja akainua uso akamwambia Barnabas, kwa sauti ya chini kabisa, "Sema kitu, bwana." Barnabas akaendelea kukunja shuka. Ngozi ikafunuka nyuma ya sponji. Mistari miwili na kiduara. Na kando yake mshono wa pili, wa kushikilia, imara, wa mtu aliyetaka pasiwahi kufunguka.

Hakuna aliyepiga kelele. Ningefurahi wangepiga.

"Ng'ombe amekufa," Halake akasema. "Hilo nimempa Mungu. Ungeniambia ulinunua sokoni, ningeamini, mwaka wa ukame wengi walinunua. Lakini asiyejua kitu hashoni mara mbili."

Nikasimama. "Mzee Halake, ni mimi. Mimi ndiye niliyeiona alama, mimi ndiye niliyemwambia ageuze. Yeye alitaka kumwita Wako."

Nilisema mbele ya watu, mimi ambaye sijawahi kumwomba mtu radhi barabarani. Halake alinitazama kwa upole, na upole ule ndio uliotumaliza.

"Mama Hulda, wewe ulimlea. Usingesema hivyo ningekushangaa."

Hakuniamini. Alidhani nimesimama mbele ya ndugu yangu kama kuku mbele ya kifaranga. Ukweli niliuleta umechelewa siku kumi na nne, ukafanana na uongo.

Wale wawili waliitoa ngozi kitini, wakaikunja, wakaondoka nayo. Halake alisema wazee wao watakaa siku tatu, na siku ya tatu wanataka jina la muuzaji. Jina lenyewe Barnabas hana. Alikwenda mnadani siku hiyo hiyo kuuliza juu ya mtu wa pikipiki, na mpaka jioni watu aliokuwa akiwauliza walikuwa wakimuuliza yeye.

Wako alibaki. Alilibeba gurudumu la nne, akalitia, akakaza nati zote kwa zamu, akateremsha jeki. Ilikuwa kazi safi. Barnabas alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwake. Wako alipomaliza alikifuta kile kisu kwa shati lake, akakirudisha mezani mahali pake. Kisha akavuka barabara, akaanza kufungua bomba za mashine yake ya upepo. Kufikia adhuhuri ya pili alikuwa amehamia karibu na mnada, kwa watu wake.

Swaleh alikuja akalichukua gari. Aliweka gunia juu ya springi za kiti cha dereva akakaa. "Kuna nini, mzee?" aliuliza, na Barnabas akamwambia aende Kipini, asipite mnadani. Ile Datsun iliondoka na magurudumu yake yanayometa, chini chini, ikipunguza mwendo kwa kila shimo, na watu walijipanga kando kuitazama bila kupunga mkono.

Jana jioni Barnabas aliking'oa kichwa cha cherehani kutoka mezani, akakileta kwangu kwa mkokoteni kimefungwa blanketi.

"Nitunzie, dada."

"Kwani leo siku ya ngapi?"

"Ya pili."

Alikisukuma chini ya kitanda changu. Sote wawili tulijua pale si mahali pa usalama. Mara ile kilipona kwa sababu kilikuwa upande wa pili, kwa Wako.

Leo asubuhi nilikuwa mlangoni mapema kumngoja Arafa. Arafa ni mama wangu wa maziwa miaka yote hii, amenizikia dada na mimi nimemzalishia binti. Nilimwona akija polepole, ushungi ameuvuta, na nikaona anavyobeba, mkono umeinuka sana kwa mtu aliyebeba maziwa.

"Jagi lako, mama."

Limeoshwa. Linang'aa.

"Na maziwa, Arafa?"

"Kesho, inshallah."

"Kesho utayatia wapi, na jagi umenirudishia?"

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaushikilia. Kisha akauachia, akarudi alikotoka, anakwenda upesi. Nikamwita Barnabas, aliyekuwa amelala kwangu, atoke ndani upesi.