Chuo cha Kuvaa Watu

Mjukuu wangu alianza kuvaa watu msibani. Nasema kuvaa, sisemi kuigiza, kwa sababu mie nilikuwepo na nikaona.

Alikuwa amefariki mzee wa nyumba ya nyuma yetu, hapa Temeke. Kuli mstaafu wa bandarini, mguu mmoja umepinda tangu siku gunia lilipomwangukia. Watu wa kwao na sie watu wa kusini ni watani, na kazi ya mtani msibani inajulikana: anavaa nguo ya marehemu, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, wafiwa wapate kucheka kidogo kabla maiti haijatoka. Zamani nilikuwaga naifanya mwenyewe, na hapa mtaani hakuna aliyenifikia. Sasa magoti yamegoma. Nikamsukuma mjukuu, binti wa miaka kumi na tisa, kamaliza kidato cha nne, yupo tu nyumbani ananisaidia kuchoma vitumbua.

"Chukua lile koti," nikamwambia. "Usiniaibishe."

Akalivaa. Akatoka mlangoni mguu umepinda, watu wakaangua kicheko. Akafika kwenye kiti cha mzee, akakigusa kwa kiganja mara mbili kama anayepima moto wa kikaango, vile vile alivyofanyaga yule mzee, akakaa, akakohoa.

"Mama watoto, chai vipi?"

Mjane alikuwa chini kwenye mkeka, kajifunika kanga mpaka usoni. "Inakuja, baba," akajibu.

Kicheko kilikatika kama umeme.

Ndugu mmoja wa marehemu akawahi kumwekea mjukuu wangu sarafu kiganjani, akamvua koti. Ndiyo mila: mtani hamwachii aliyemvaa mpaka akombolewe, na wa kukomboa ni ndugu wa damu, si mpita njia. Mguu ukanyooka, mtoto akawa wangu tena. Lakini jirani yangu, mwanamke mwenye ulimi kama wembe, akanisogelea sikioni.

"Shoga, mtoto wako hachezi yule. Siku akimvaa mtu asiye na wa kumkomboa, utakuja kunieleza."

"Wivu," nikamjibu. "Wa kwako hata ugali unamshinda."

Nilitembea na maneno yale siku nyingi, lakini fahari ilikuwa kubwa kuliko woga. Kwa hiyo mjukuu aliponiambia anataka kusomea uigizaji, nilijifanya nakataa kidogo tu.

"Unakwenda kulipia kitu unachokijua?"

"Bibi, na wewe unajua kupika. Mbona ulinichapa mpaka nikajua?"

Tukaanza kutafuta. Chuo kikuu wanataka kidato cha sita, na ada yake aliponisomea kwenye simu nilikaa juu ya gunia la mchele bila kutazama. Kuna kingine cha mjini, bei afadhali, tukaenda kuchungulia: wamekaa wanafundishana kubandika kope na kugeuza shingo mbele ya kamera. Mjukuu akaniambia, "Bibi, hawa wanajifunza kutazamwa. Mie nataka kutazama." Sikumwelewa vizuri, ila nililipenda neno. Tukarudi nyumbani.

Ndipo akaona tangazo la chuo kimoja huko Mbweni. Bure kwa wenye vipaji, chakula na malazi humo humo. Bure! Nikauambia mtaa mzima. Nikamwambia na jirani mwenye ulimi, yeye nikamwambia mara mbili.

Siku ya usaili nilivaa kitenge changu cha harusi za watu. Nyumba ilikuwa mpya, ukuta mrefu, bahari unaisikia lakini huioni. Mlinzi alitufungulia geti, tukapita, akalifunga nyuma yetu kwa kufuli, ufunguo mfukoni.

"Mbona unatufungia, mwanangu?"

"Mbwa, mama. Asitoke."

Mbwa sikumwona. Kubweka sikusikia. Mlangoni kulikuwa na ndara za kike zimepangwa mstari mrefu, na ndani kimya. Mie nimelea wasichana maisha yangu yote. Wasichana watatu tu wakikaa pamoja unawasikia tangu kituo cha basi. Nilizitazama zile ndara, nikavua na zangu, nikaingia. Fahari inakuziba masikio hivyo.

Mwenye chuo alikuwa mwanaume wa makamo, ananukia udi. Aliinama, mikono yote miwili mbele.

"Shikamoo, mama mzazi."

"Marahaba, baba."

Na mie nikayeyuka, maana vijana wa mjini siku hizi shikamoo wanaitema kama ganda la muwa. Akasema binti ana nyota, kaiona tangu getini. Watakaa humo miezi mitatu. Simu zinawekwa ofisini, watulie wasome. Wakiiva wanapelekwa nje ya nchi, huko wasanii wetu wanatafutwa. Akaomba cheti halisi cha kidato cha nne. Nilikitoa kwenye mfuko wa nailoni kwa mkono wangu mwenyewe. Akakitia kwenye droo, akaizungushia ufunguo.

Akaja binti na sinia la maji. Umri kama wa mjukuu wangu, pekupeku. Aliweka glasi mezani, akasimama mbele yangu kidogo, akaondoka. Hakuniamkia. Mie mtu mzima nimekaa pale na kitenge changu, mtoto kanipita kama kigoda! Nikasema moyoni, huyu hakulelewa. Namwomba Mungu anisamehe neno lile, maana ndilo lililonipofusha.

"Sasa mama," akasema yule bwana, "wewe ungepumzika kibarazani. Usaili ni wa faragha."

"Baba, mie ndiye niliyemfundisha. Na mchezo bila watazamaji ni mchezo gani?"

Akacheka kwa meno tu. "Haya. Binti, tuigizie mtu yeyote unayempenda."

Nilijua atamleta mzee wa bandarini. Mjukuu wangu akanyanyuka, akakusanya glasi kwenye sinia, akatoka nazo. Aliporudi alikuwa pekupeku wa mtu mwingine. Sijui niseme vipi. Miguu ni yake, hatua si yake. Akaweka glasi ya kwanza, macho yapo sakafuni. Yule bwana akanyoosha mkono kuchukua simu yake mezani, basi, mkono tu, na bega la mjukuu wangu likaruka mpaka sikioni, uso ukageukia ukutani kama kuku aliyeona fimbo.

Halafu akaja mbele yangu. Akasimama. Akafungua mdomo, nikaiona kabisa shikamoo inakuja, midomo imeshaikunja. Akamtazama yule bwana. Akaufunga mdomo.

Hilo mie sikuliona mara ya kwanza. Yeye aliliona.

Yule bwana tabasamu lilimpotea. "Nani amekutuma hapa?" akauliza polepole. Hakumwuliza kama mwalimu. Na pale mlangoni alikuwa amesimama yule binti wa maji mwenyewe, kiganja kinywani, anajitazama.

Nikasimama. Magoti yaliniitikia siku hiyo.

"Cheti cha mtoto."

"Mama, hatujamaliza. Kitabaki hapa, ndio utaratibu wetu."

"Nimesema cheti."

"Keti, mama. Geti limefungwa."

Nikashika fundo la kitenge changu kiunoni. "Baba, mie nimezaa saba na nimezika wanne. Hili fundo nikilifungua humu ndani ukauona utupu wa mama yako, hutazaa wala hutazikwa. Nijaribu."

Alikuwa mtu wa hapa hapa kwetu, udi au bila udi. Alijua ninachosema. Akafungua droo, akakisukuma cheti mezani kwa kidole kama kitu chenye moto, akamwita mlinzi alete ufunguo.

Pale mlangoni nikamshika yule binti mkono. Baridi, kama samaki wa barafu. "Twende, mwanangu. Vaa ndara zako, twende." Akazitazama zile ndara. Akainua macho kwenye ngazi za kwenda juu, akayashusha. Akauchomoa mkono wake kwangu taratibu, kidole kimoja kimoja.

Tulitoka pale moja kwa moja mpaka serikali ya mtaa, kutoka hapo polisi, dawati la jinsia. Askari wa kike alitusikiliza vizuri, aliandika kila kitu. Akauliza, "Jina la huyo binti?" Sikuwa nalo. Kwao wapi? Sikujua. Nilikuwa na nafasi ya kumwuliza nikaitumia kumlaumu kwa kukosa adabu. Kesho yake walipofika na sie nyuma yao, geti lilikuwa wazi. Nyumba imefagiwa, inanuka dawa ya vyoo. Hakuna ndara hata moja. Mezani ilibaki glasi.

Chuo tulikuja kukipata Manzese, ghorofani juu ya wachomelea vyuma. Mlango umeng'olewa, kila anayepita anachungulia. Basi la mwendokasi likipita lazima upige kelele usikike. Mwalimu ni mwanamke mfupi, sauti ya kuuza ndizi. Ada yake tunalipa mwezi kwa mwezi, na mwezi ukiwa mbaya anapokea nusu na vitumbua. Nilimuuliza anafundisha nini, maana mtoto kuvaa watu anajua tayari.

"Kuvaa kila mtu anajua, mama. Mie nafundisha kuvua."

Hapo nikatoa ada. Wana ndoo ya maji pembeni. Kipindi kikiisha kila mmoja ananawa uso, anataja jina lake na alichokula asubuhi. "Mie fulani, nimekula kiporo!" Wanacheka, wanakuwa wao. Nimekaa pale nikitazama. Mjukuu wangu amevaa wauza samaki, mahakimu, vichaa, na wote amewaacha kwenye ndoo.

Isipokuwa mmoja. Nyumbani akiniletea maji, macho yapo sakafuni. Nikinyoosha mkono kushika kipepeo cha jiko, bega linaruka. Nilimweleza mwalimu, akaagiza ndoo mbili. Wapi.

Juzi nikachukua sarafu, nikamwekea kiganjani. "Haya, nimemkomboa. Mvue."

Akaitazama. Akanirudishia, akanikunja vidole juu yake.

"Bibi, wewe si ndugu yake."

"Kwani ndugu zake unawajua?"

"Siwajui. Ndiyo maana."

Jirani mwenye ulimi sijamweleza. Anauliza mtoto anaendeleaje na chuo, namwambia anaongoza darasa, na si uongo.

Jana mchana nimekaa barazani kaniletea maji. Akaweka glasi, bega limepanda, akasimama mbele yangu, akafungua mdomo. Akautazama mlango. Akaufunga.

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu.

Bega halikushuka.