Nguzo ya Tatu

Fundi anayejenga kanisa letu hashiki mwiko kabla hajavua kofia na kusali, na sala yake ni fupi kuliko chafya. Vipimo huandika kwa penseli kiganjani, akinawa, vimekwenda. Jumatatu alikuta nondo mbili zimebaki chini ya turubai. Akazitazama, akaiendea nguzo ya tatu, aliyoimwagia zege Ijumaa, akaigusa kama anayepima homa ya mtoto. Kisha akachukua nyundo.

“Fundi, una wazimu?” mchungaji akamaka. “Kesho wanakuja kupaua! Humo ndani ya zege nani ataona? Mungu ataishikilia.”

“Ataishikilia, baba mchungaji,” akajibu, vumbi likimruka usoni. “Lakini nondo nilisahau mimi, si yeye.”