Nguvu ya Tano katika Stoo ya Skuli

Baada ya uchaguzi ule watoto wengi hawakurudi skuli. Wazazi waliogopa barabara, na sisi walimu wa Wete, Pemba, tulikuwa tunafika, tunasaini, tunakaa. Majirani waliacha kuamkiana kwa sababu ya vyama. Nilichoka uchovu usioondoka kwa kulala.

Mwenzangu wa fizikia, Mkristo kutoka bara, ndiye aliyeleta wazo. Alikuwa amesoma kwamba nguvu za asili zinazojulikana ni nne, uvutano ukiwa mojawapo, na kwamba wapo wanaoitafuta ya tano juu ya meza tu, kwa mizani ya kijiti kilichoning'inizwa kwenye waya mwembamba. Ukikisogezea kitu kizito, kijiti hujizungusha kidogo sana. Shaba ikikivuta tofauti na risasi, ile metali laini nzito, ya uzito uleule, basi hapo pana jambo jipya.

"Bi Mwalimu," aliniambia, "kwani tuna kazi gani nyingine?"

Tukajifungia stoo. Kwenye ncha za kijiti tulifunga chubwi, zile risasi za mishipi ya wavuvi, na katikati tukabandika kipande cha kioo. Tulikimulika kwa tochi, doa la mwanga likaangukia ukutani. Gari ya ng'ombe ikipita nje, doa lilitikisika. Tulingoja litulie, tukaanza upya. Wiki zikaenda hivyo.

"Mwatafuta nini humo?" mama aliniuliza nyumbani, huku akijikanda miguu iliyovimba.

"Kitu ambacho huenda hakipo."

"Basi kula kwanza."

Asubuhi moja doa lilihama. Tulipoweka risasi lilisogea kidogo tu; tulipoweka shaba likasogea zaidi. Tukarudia, likasogea tena. Mwenzangu alikaa chini sakafuni.

"Usimwambie mtu," alisema kwa sauti ndogo.

Usiku ule nilipitia tena vipimo vyetu, kimoja kimoja.

Kesho yake nikasema tujaribu bila shaba wala risasi. Niliingia mikono mitupu, nikasimama nilipokuwa nikisimama na shaba. Doa likahama vilevile. Risasi tulikuwa tukiivuta kwa kamba, tukiwa mbali. Shaba nilikuwa naisogeza mwenyewe kwa mkono. Joto la mwili wangu lilikuwa linasukuma hewa, na hewa inasukuma kijiti.

"Ni wewe," alisema. Hakucheka.

"Ni mimi."

Tukakifunika kijiti kwa kasha la vioo, shaba nayo tukaifunga kamba, tukapima upya mpaka mgongo ukaniuma. Shaba na risasi zilivuta sawa, kwa kadiri mizani yetu ilivyoweza kuona. Nilijua hilo nalo ni jibu. Lakini sikuwa na nguvu ya kulifurahia.

Watoto walianza kurudi mmoja mmoja, stoo ikahitajika kwa madawati, tukaubomoa mtambo wetu. Mwenzangu alipohamishiwa bara nilimsindikiza bandarini. Habari ya mizani hatukuigusa. Aliniuliza miguu ya mama inaendeleaje, nikamwambia bado inavimba. Kisha nikarudi skuli kusahihisha mitihani.