Nilivyokamatwa na vimwanzi vya sampuli njia ya Tingi, mwaka wa Maji

Asalaam aleikum wakuu, na kwa wasio wa salamu hiyo, hamjambo.

Siku zote nimekuwa mtu wa kukaa pembeni mwa baraza hili, nasoma ya wenzangu nanyamaza. Leo naleta la kwangu. Sitaongeza chumvi, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Mdachi, yaani Mjerumani, ameshaondoka, kwa hiyo wa kunidhuru kwa maneno haya hayupo tena. Hata hivyo nimefunga mlango ninapoyaandika.

Wengi mmeuliza humu kama inafaa kijana kusomea biashara ya ng'ambo. Jibu langu ni inafaa, tena sana. Msikate tamaa. Ila nisikilizeni kwanza.

Kwetu Kilwa Kivinje palikuwa na chuo kidogo cha mtaa. Si shule ya serikali. Wenye maduka walichanga mikeka na mbao, wakaomba ghala lililokuwa tupu karibu na forodha, wakamweka humo Mwalimu Saburi, karani wa zamani wa forodha. Kazi yake ilikuwa kutufundisha sisi vijana wa mji namna bidhaa inavyotoka shambani mpaka ikavuka bahari. Tulikuwa tisa.

Tulisoma majina ya bandari, Unguja, Bombay, Hamburg. Tulisoma hati za shehena. Tulijifunza kuitambua sandarusi, ile gundi ya mti inayochimbwa ardhini, iliyo safi na iliyochanganywa na mawe.

Lakini somo alilolipenda Mwalimu kuliko yote ni sampuli. Ngoja nieleze taratibu, maana ndiyo iliyoniponza.

Mnunuzi wa Hamburg hajawahi kukanyaga Kilwa wala hatakanyaga. Atajuaje ufuta wako ni mzuri? Unachota kidogo juu ya gunia, kidogo katikati, kidogo chini kabisa. Unachanganya. Unatia ndani ya kipande cha mwanzi chenye urefu wa kidole, unakiziba kwa nta, unakifunga kibao cha jina. Kimwanzi hicho ndicho kinachokwenda kusema kwa niaba yako.

Na Mwalimu alikuwa na sharti lake. "Sampuli haikai ndani ya mzigo," alisema. "Mzigo hutota jasho, hutupwa chini, hukaliwa. Sampuli ivae shingoni."

Basi. Tukapewa kazi, kila mmoja aende shamba alete sampuli sita alizokusanya mwenyewe. Mimi nikachagua Tingi, kwa sababu dada yangu Zaituni alikuwa ameolewa huko na Mmatumbi mmoja, Shemeji Mbonde. Mtu mpole, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, niliyemwamkia shikamoo kila nilipomwona.

Habari za vilimani tulikuwa tumezisikia. Watu wameng'oa pamba ya serikali, wamekataa kazi. Mjini tulidhani ni la siku mbili litapoa.

Nilikaa Tingi siku tatu. Nikapata ufuta, mtama, pamba, mpira, nta na sandarusi. Kila nilichopata nilikifunga kwenye kimwanzi na kukitundika shingoni, kama nilivyofundishwa.

Nikaona watu wa Tingi wana adabu ajabu. Watoto wananikodolea macho. Wazee wananipisha njia. Mama mmoja alinipa kuku bila kuuliza mimi ni nani. Nikajisemea moyoni, kumbe elimu inaheshimiwa hata huku!

Msinicheke, wakuu. Au chekeni tu, mtaacha wenyewe.

Siku ya nne asubuhi dada akasema njia imeharibika, nisirudi peke yangu. Akamwambia mumewe anisindikize na kunibebea kijigunia cha ufuta. Alimshika mkono mumewe mbele yangu, jambo asilolifanya kamwe.

"Umpeleke, urudi," alimwambia. "Usipitie kwingine. Nina watoto watatu hapa."

Tukaondoka jua likiwa limeshapanda. Tukapita kando ya shamba la pamba la jumbe, mkuu wa kijiji aliyewekwa na Wadachi. Miche yote ilikuwa imeng'olewa, imelala mizizi juu. Shemeji aliitazama kama mtu anayetazama nyoka aliyekufa. Akasema walilimishwa pale kwa viboko huku mtama wao nyumbani ukiliwa na nguruwe. Mimi nikaokota tumba moja la pamba nikaangalia urefu wa nyuzi zake. Ndivyo nilivyokuwa.

Tulipotembea kitambo akaniuliza, "Shemeji, samahani. Hivyo sita vyote vya nini? Mimi nimepewa kimoja tu."

"Kimoja cha nini?"

Akafungua shuka lake kifuani. Palikuwa na kimwanzi, urefu wa kidole, kimezibwa, kimefungwa kamba shingoni.

Kwa wasiokuwepo enzi hizo, ile dawa ya maji ilisemekana ukiipata, risasi ya Mdachi inageuka maji. Watu walinyweshwa, wakapakwa, na wengine wakapewa ya kuvaa, maji yenye punje za mtama na mahindi ndani ya kimwanzi.

Nikavitazama vyangu sita. Kuku yule. Wazee wale walionipisha njia.

"Shemeji," nikamwambia, "hivi vyangu ni sampuli."

"Sampuli ndiyo nini?"

Nikamweleza. Akasimama katikati ya njia akashika kiuno. "Yaani huo ni ufuta tu? Na watu wote wale wamekuogopa!" Akacheka mpaka akatua kijigunia. Mimi nikaanza kufungua kamba shingoni.

"Simama hapo hapo!"

Walikuwa askari, saba au wanane, wametoka vichakani penye kijito. Hatukuwa na pa kukimbilia.

Walitusukuma hadi kivukoni. Pale palikuwa na watu wawili wamekaa juani, wamefungwa kamba moja shingoni. Mbele yao ardhini kulikuwa na vimwanzi viwili vilivyopasuliwa. Kwenye tawi juu yao kamba nyingine zilikuwa zimeshafungwa tayari. Bwana Mdachi alikaa juu ya sanduku la risasi, kijana, macho mekundu kwa homa. Aliyekuwa akimtafsiria ni shaushi, yaani mkubwa wa askari wale, mtu mzima mwenye Kiswahili cha kambini.

Shaushi akatutazama shingoni, mmoja mmoja.

"Huyu kavaa kimoja, huyu kavaa sita," akawaambia wenzake. "Huyu wa sita ndiye mganga mkuu! Mganga, tukupige moja tuone inavyogeuka maji?"

Askari wakacheka. Midomo ya bunduki haikushuka.

"Mimi mwanafunzi, shaushi," nikasema. "Nasomea biashara."

"Biashara gani?"

"Ya ng'ambo."

"Leo utavuka kweli."

Wakuu, nataka mjue hofu ile ilivyo. Si kutetemeka. Ni kuona kila kitu kwa udogo wake. Niliona sisimizi wakipanda kwenye goti la mmoja wa wale waliofungwa, naye hawezi kuwafukuza.

Nikasema, "Fungueni. Vina vibao vya majina."

Wakapasua cha kwanza. Ufuta. Cha pili, mtama. Shaushi akaacha kucheka. Walipofika cha pamba, Mdachi akainua kichwa. Akauliza jambo. Shaushi akatafsiri kwamba Bwana anataka kujua nimeitoa wapi na ni ya namna gani.

Hapo nikapata sauti. Mimi nikieleza kitu, hofu hunipungua kidogo, ndivyo nilivyoumbwa. Nikavuta nyuzi mbele yake, nikaonyesha ndefu na fupi. Nikaeleza juu, katikati na chini ya gunia. Nikamtajia Hamburg. Sandarusi aliisugua kwenye mkono wa koti akainusa. Alikuwa anaijua.

Akatikisa kichwa kwamba sawa. Kisha akaelekeza kidole kifuani kwa Shemeji.

Kimwanzi cha saba. Hakina kibao.

Ningeweza kusema simjui. Nawaambia ukweli kwa sababu niliahidi, neno hilo lilifika mpaka kwenye ulimi. Nikamkumbuka dada alivyomshika mkono.

"Nacho ni changu," nikasema. "Huyu ni mchukuzi wangu."

Shaushi akakizibua. Maji yakamtiririka vidoleni, na punje zikabaki kiganjani. Akaninyooshea.

"Na maji haya yanauzwa Hamburg?"

"Ni kipimo, shaushi. Mbegu hupimwa kwa maji. Iliyoshiba huzama, iliyotobolewa na wadudu huelea. Niombee kikombe, nimwonyeshe Bwana."

Hilo la kupima mbegu ni kweli, mkulima yeyote analijua. Lililokuwa la uongo ni kwamba hizi zilikuwa za kupimwa. Na sikujua kama zitazama.

Wakaleta kikombe cha bati chenye maji ya kijito. Shaushi akamimina punje. Zikazama. Mahindi yakazama, mtama ukazama, isipokuwa punje moja ikabaki juu inazunguka polepole. Mdachi akaisogeza kwa kidole. Akasema neno.

"Bwana anasema hiyo moja mbovu," akatafsiri shaushi.

"Ndiyo, Bwana. Moja huwa haikosekani."

Shaushi akasogea karibu yangu. Akanong'ona, "Vimwanzi vya maji namna hii nimefungua vingi tangu juzi. Wote hao walikuwa wakipima mbegu?"

Nikaendelea kukitazama kikombe. Alijua. Ilibaki ageuke tu, amwambie Bwana wake neno moja.

Badala yake akakiinamisha kile kimwanzi mbele ya miguu ya Shemeji, akamimina maji yaliyobaki, polepole, mpaka tone la mwisho. Huku anamtazama usoni.

Nami nikamtazama Shemeji. Uso wake ulianza kuvunjika kama wa mtu anayeona mtoto wake anaangushwa. Kwake yeye ile ilikuwa ni roho yake inamwagwa. Kama angetoa sauti, tungekwisha wote wawili.

Nikampiga kofi.

"Mpumbavu wewe!" nikapiga kelele. "Nilikwambia uchambue mbegu! Kichwa chako kigumu kama jiwe la kusagia! Sasa sampuli yangu imeharibika!"

Mtu niliyemwamkia shikamoo, mume wa dada yangu. Akainamisha kichwa. "Nisamehe, bwana," akasema.

Askari wakacheka tena, na Mdachi akatupungia mkono tuondoke.

Tulipowapita wale wawili waliofungwa, mmoja alisema, si kwa sauti kubwa, "Ndugu, nasi tuseme tu sampuli zako."

Sikugeuka. Sina la kujitetea hapo.

Mbele kidogo Shemeji akatua gunia. Nikamwomba radhi. Akasema, "Umeniacha mtupu," akarudi kwa njia ya msituni. Nikafika Kivinje peke yangu.

Yaliyofuata nimeyapata kwa dada, njaa ilipomleta mjini na wanawe. Wenzake Mbonde walipokwenda vitani walimuuliza maji yake yako wapi. Akawaambia yamemwagwa na askari. Wakamwambia abaki, asije akawaletea mkosi. Akabaki na wanawake, akiona aibu. Katika wale waliokwenda, hakuna aliyerudi.

Yeye yu hai mpaka leo. Analima mtama hapo hapo Tingi. Nikienda, hutoka nyumbani kabla sijakaribishwa.

Funzo langu, wakuu, na hasa ninyi mnaosomea kazi hii. Tulijua pamba inakwenda wapi, bandari kwa bandari. Hakuna kati yetu tisa aliyewahi kuuliza inatokaje. Ndiyo maana niliweza kutembea siku tatu katikati ya watu walioelemewa, nimevaa vita vyao shingoni, nikidhani wanasifu elimu yangu. Someni bandari zote, msiache hata moja. Lakini kabla hujachota kwenye gunia, kaa na aliyelijaza, mwache aseme. Si kazi ngumu, inataka subira tu, na subira mnayo.

Mlioko Kiswere, Rondo na kwingineko mlioyaona ya kwenu mwaka ule, leteni. Mliokuwa askari pia, sitamtukana mtu. Anayeona nilikosea, aseme nilikosea wapi.

Ombi moja. Shemeji Mbonde hajui kusoma. Kama kuna mtu wa Tingi atakayemsomea habari hii, basi amsomee mpaka mwisho, asiishie pale nilipompiga.