Yadi Kumi za Merikani

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Nilianza kwa kuuza chumvi gulioni Muyama, darasa la nne sikumaliza, na leo nina maduka mawili Kasulu. Nimeuza kamba za manila miaka mingi ndipo binti yangu akaniambia Manila ni mji. Nikamjibu, sawa, lakini huko hawauzi kamba kunishinda mimi. Na merikani, ile nguo nyeupe nzito ya kudarizi, wateja wanaiomba kwa jina hilo hilo hata siku hizi inapotoka China.

Binti huyo alipochumbiwa, mama yangu wa Munanila alisema atamdarizia mashuka, kama alivyowafanyia wajukuu wote walioolewa. Macho yake yanafifia, na huyu ndiye mjukuu wa mwisho. Nikampelekea merikani bora ya dukani kwangu. Akaivuta, akaipaka mate, akaifikicha.

"Mwana wanje, hii ni plastiki."

"Mama, ni merikani. Naiuza mwenyewe."

"Unawauzia wasiojua sindano. Uzi ukipita hapa, nguo inajikunja kama mdomo wangu usio na meno. Lete merikani, la sivyo sishoni."

Mke wangu akashauri tununue mashuka yaliyokwisha kudariziwa. Nikakataa. Mimi si wa kushindwa na nguo! Nikazunguka Kasulu yote, nikaenda Buhigwe, mwisho nikapanda basi la Kibondo. Huko nikamkuta mzee mmoja Mwislamu, muuza nguo, ana jora moja juu kabisa ya kabati. Nililijua kabla hajalishusha. Lilinuka pamba.

"Haliuzwi, bwana. Hiyo ni sanda yangu na ya mke wangu."

"Taja bei yoyote, mzee wangu. Nalichukua zima."

Akacheka. "Na siku yangu ikifika, nivishwe noti?"

Sikuondoka. Nilikaa kwenye benchi lake tangu asubuhi, namsimulia habari za mama na macho yake, anahudumia wateja, naendelea. Aliporudi kutoka kuswali adhuhuri, akanitupia futi ya kupimia.

"Haya, nipime mimi kwanza. Kitakachobaki ni chako."

Akasimama wima kama anayeshonewa suti. Nikampima toka utosini hadi kisiginoni, nikaongeza cha kufungia, vipande vitatu vya sanda ya mwanamume. Mkewe akapaza sauti nyuma ya pazia: "Mimi vitano, mwanangu, na usinipunje! Nimenenepa!"

Nimepima nguo maisha yangu yote, lakini hapo kila kipande nilikipima mara mbili. Vya kwao vikakatwa, vikakunjwa, vikarudi kabatini. Zikabaki yadi kumi, nikazilipia.

Kule Munanila, mama aliipaka mate, akachomoa uzi mmoja, akauvuta hadi ukakatika. Kisha akauliza sindano iko wapi. Mashuka mawili yalikamilika kabla ya harusi, maua mekundu pembe zote nne, na hakuna ua lililojikunja.

Nguo pamoja na nauli zangu zote: shilingi elfu tisini na moja na mia tano.